Siku Nilipokwenda Kuiaga Serikali

Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta, maana humu watapita watu wenye vyeo na ungeweza kumdhania mmojawao. Hapana, bwana. Wao walikuwa kazini. Mjinga ni mimi, Dakta Kadege, niliyeamka asubuhi, nikaoga, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikaenda kuiaga serikali.

Hakuna aliyenituma. Mke wangu Mwanahawa alinikuta mlangoni nafuta viatu vumbi.

"Unakwenda wapi na viatu vya posa?"

"Wizarani. Kuaga."

"Wamekuita?"

"Hawajaniita. Lakini mtu haondoki hivihivi kama aliyefumaniwa. Mimi nimelelewa vizuri."

Akanitazama kama mtu anayeona maziwa yanapanda sufuriani naye yuko mbali na jiko.

"Kadege, hao hata hawajui kama upo. Waache hivyohivyo."

Nikacheka. Nikaenda.

*

Nchi yetu ni nchi inayopenda sana elimu. Jina lake silitaji, kwa sababu linabadilishwa wakati huu ninaoandika na kamati ya jina jipya bado iko semina. Kwetu mtu akipata shahada ya uzamivu hupigiwa ngoma, huvalishwa shada la maua, hupiga picha na mkuu wa mkoa, kisha husahauliwa kwa heshima zote.

Mimi uzamivu wangu ni wa dumuzi. Ni yule mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, anayeingia kwenye gunia la mahindi na kukuachia gunia la unga usiofaa hata kwa kuku. Nilimchunguza mpaka nikawa namwota. Nikagundua ukungu fulani ambao ukimpata dumuzi hamalizi wiki. Wakulima niliofanya nao majaribio walikula mahindi yao wenyewe mpaka mavuno mengine, jambo lililowashangaza hata wao.

Bahati mbaya, mwezi uleule niliotunukiwa, serikali ilitangaza bungeni kwamba dumuzi ametokomezwa. Hakutokomezwa kwa dawa. Alitokomezwa kwa tamko. Tangu siku hiyo mahindi yaliyotobolewa yakaitwa mahindi mepesi, na mtaalamu wa dumuzi akawa mtaalamu wa kitu kisichokuwepo. Nilipokwenda kuomba kazi kituo cha utafiti wa nafaka, mkuu wa kituo alinipokea vizuri, akanimiminia chai, akawa anapangusa vumbi la mbao mezani pake. Dumuzi akikosa mahindi hula hata mbao, na meza ile ilikuwa imebakia rangi tu.

"Dakta," akaninong'oneza, "nikikuajiri nitakuwa nimekiri kwamba yupo."

Basi nikaajiriwa na mtaa. Watu wakienda kuposa walinichukua niketi mstari wa mbele, nisiseme kitu, ili mshenga wao apate kusema, "Na sisi upande wetu, kama mnavyoona, tuna dakta." Wakwe walinitazama, nami nikatazama juu kama mtu anayewaza. Ujira ulikuwa pilau na nauli. Ndoa nyingi za mji ule zina mkono wangu, na mpaka leo sijui jina la bwana harusi hata mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa naitumia sayansi siku aliponipigia simu Profesa Halvorsen.

Huyu ni mama wa makamo wa nchi moja ya baridi. Kwao dumuzi hajafika bado, lakini wamemjengea taasisi nzima ya kumsubiri. Fikiria. Kwetu yupo na hana ofisi. Kwao hayupo na ana jengo la ghorofa. Alikuwa amesoma habari za ule ukungu wangu. Akanipa kazi papo hapo, nyumba yenye joto, tiketi yangu na ya mke wangu. Sharti lilikuwa moja tu.

"Tunaanza Jumatatu ya kwanza ya Juni," akasema polepole, ili Kiingereza chake na changu vikutane njiani. "Usipofika siku hiyo, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Si kwa ubaya. Ndivyo tunavyofanya kazi."

Mwanahawa si mtu wa kungoja. Wiki ileile alimpa dada yake kitanda, jirani akachukua kabati, sisi tukabaki na mkeka na masanduku mawili. Nyumba ikawa na mwangwi. Ukikohoa, ilikujibu.

Ningekaa kwenye mkeka wangu kimya mpaka siku ya safari, hadithi hii ingeishia hapa, nanyi mngeenda kufanya shughuli zenu. Lakini nimelelewa vizuri.

*

Wizara ya Elimu ya Juu Kabisa, Michezo na Sherehe zamani zilikuwa wizara tatu. Zikaunganishwa kubana matumizi, kisha kila moja ikajengewa jengo lake. Mlinzi akanielekeza kwa Bwana Chambuso, Mkurugenzi wa Fahari ya Taifa. Mtu wa mwili, mwenye kunukia, nyuma yake picha kubwa akiwa amekumbatia kombe. Baadaye nilikuja kujua kuwa kombe lile lilikuwa la nchi nyingine. Aliomba kulishika kidogo wapige picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una tatizo gani?"

"Sina tatizo. Nimekuja kuaga."

Akavua miwani. Nadhani katika utumishi wake wote hakuwahi kuingiliwa na mtu asiye na tatizo.

"Kumuaga nani?"

"Serikali, mzee."

Nikamweleza. Alinisikiliza kinywa wazi, na nilipofika kwenye jengo la ghorofa akasimama.

"Ngoja. Nafasi hiyo waliiomba watu wa dunia nzima?"

"Nadhani, mzee."

"Wakakuchagua wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umewashinda."

"Sijui kama kushinda ndilo neno lenyewe, mzee. Ni kazi tu ya..."

"Umewashinda! Umeshinda kwa ajili ya taifa, halafu unataka kutoka kama mwizi wa kuku? Bila bendera?" Akaja upande wangu wa meza, akanishika mabega. "Wacheza mpira wakisafiri wanakabidhiwa bendera. Wakimbiaji wanakabidhiwa bendera. Mabinti wakienda kushindania urembo wanakabidhiwa bendera. Sayansi ina kosa gani?"

Sitadanganya, machozi yalinilengalenga. Tangu nitunukiwe uzamivu hakuna aliyewahi kunilinganisha hata na kipa wa akiba.

"Timu ina watu wangapi?" akauliza.

"Mimi na mke wangu."

"Mke si timu."

"Basi mimi."

"Mtu mmoja?" Akasikitika kwa niaba ya nchi. "Wale watu wataona hatuna watu, Dakta. Hapana. Kaa hapo, kunywa soda."

Soda haijaisha, Msafara wa Taifa wa Sayansi ulikuwa umeundwa. Kiongozi wa msafara, Bwana Chambuso mwenyewe. Naibu kiongozi, shemeji yake. Kocha. Daktari wa timu. Mpiga picha. Mweka hazina, ambaye hazina yake ilikuwa bado haijatafutwa. Na mchezaji, mimi.

"Mzee, daktari wa timu wa nini? Mimi sitarajii kuumia."

"Kila mchezaji husema hivyo." Akanyoosha mkono. "Lete pasi yako ya kusafiria."

"Pasi yangu?"

"Pasi za wachezaji hukaa kwa kiongozi wa msafara. Ndiyo itifaki. Wachezaji wetu wakifika nje hutoroka."

Nikampa, na tiketi zetu mbili zikiwa ndani yake. Kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa nyumbani.

Mwanahawa alikuwa ameketi mkekani anapepeta mchele niliporudi.

"Umeaga?"

"Nimeaga."

"Na wao wamekuaga?"

"Bado. Wameunda kamati."

Akaweka ungo chini. Aliinuka akaenda kuketi juu ya sanduku, kama abiria aliyeambiwa gari limeharibika.

*

Timu ya taifa haisafiri bila kukaa kambini. Nilipelekwa hosteli ya wizara nje kidogo ya mji, nikapewa suti ya michezo ya kijani yenye jina la nchi mgongoni, au tuseme jina la zamani la nchi, na kukabidhiwa kwa kocha.

Kocha alikuwa Sajini Mlekwa, mstaafu wa magereza, mrefu, mkavu kama fimbo. Alikuwa hajawahi kushindwa katika maisha yake ya ukocha, kwa kuwa timu zake zilikuwa hazijawahi kufika mashindanoni.

"Kifua mbele, Dakta! Mlima huo!"

"Sajini, kazi yangu ni ya kukaa. Natazama wadudu kwa hadubini."

"Na ukiwa huna pumzi utawatazama vipi? Mbio!"

Nikapanda mlima kila asubuhi nyuma ya filimbi. Mchana tulikuwa na mbinu. Sajini alichora uwanja ubaoni, akaweka mishale.

"Mdudu katokea pembeni huku. Wewe uko hapa. Unafanyaje?"

"Sifanyi kitu. Nampaka ukungu, nangoja."

"Unangoja!" Akatupa chaki. "Ndiyo maana tunafungwa kila mwaka. Mkabe!"

Lakini nilimpenda yule mzee. Alikuwa mtumishi pekee wa serikali aliyewahi kuniuliza dumuzi anakula nini. Siku moja tunakunywa chai, akawa anakizungusha kikombe mikononi.

"Dakta, huko baridi kweli?"

"Kali sana, Sajini."

"Na mtu kama mimi anaweza kupata cha kufanya?"

"Kama kipi?"

"Chochote. Hata kulinda kitu. Mimi nikiambiwa linda, nalinda."

Nikamwambia sijui. Akapuliza filimbi kidogo, kwa mazoea.

Wake hawaruhusiwi kambini, ni itifaki ya michezo. Mwanahawa alikuja akasimama nje ya uzio wa seng'enge, mimi ndani na suti yangu ya kijani, kama tunavyotembelea wafungwa.

"Wanasemaje?"

"Wanasema pumzi yangu imeimarika."

"Kadege, Jumatatu ya kwanza hiyooo inakuja."

"Wanasema itifaki inazingatiwa."

"Nani mwingine anasema hivyo zaidi yao?"



*

Hafla ya kukabidhiwa bendera ilikuwa ianze saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi, Waziri Mheshimiwa Tindwa, alifika wakati kivuli cha turubai kimeshahama, nasi tumeshahama na viti vyetu kukifuata mpaka tumetokea nyuma ya jukwaa. Ikabidi turudi juani ili atuone.

Alianza kwa kuwatambua waliokuwepo. Kisha akawatambua waliotuma salamu. Kisha waliokusudia kutuma.

"Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, na soda zikapata moto mikononi mwetu. "Kijana huyu mnayemwona ni zao la serikali hii. Kama pamba! Kama korosho! Na zao bora halibaki ghalani, zao bora linasafirishwa!" Makofi. "Wapo wanaouliza, mbona hatukumpa kazi hapa? Nawajibu. Huyu anashughulika na dumuzi. Dumuzi sisi tulishamtokomeza. Sasa tunakwenda kuwasaidia wenzetu waliobaki nyuma!"

Hapo akaipiga mimbari kwa kiganja, na mimbari ikakaa chini taratibu, mguu mmoja ukiwa umegeuka unga. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti.

"Hata mimbari imezidiwa na furaha, Mheshimiwa!"

Mheshimiwa akaendelea bila mimbari. "Dakta Kadege! Nenda kapambane. Usiturudie mikono mitupu. Tuletee kombe!"

Nikanyoosha mkono. Nilidhani ni vizuri kuwekana sawa. "Mheshimiwa, samahani. Hii ni ajira. Hakuna kombe."

"Dakta anasema amekosa maneno kwa furaha!" akaitikia mshereheshaji, na tarumbeta zikapiga.

Bendera akapewa Bwana Chambuso, kwa kuwa mchezaji anaweza kuidondosha. Mimi nilikabidhiwa mpira. Nikauliza wa nini. Nikaambiwa hafla ya kuaga timu ina mpira, ndivyo ilivyo, na huu umeshanunuliwa.

*

Siku ya safari tukakutana uwanja wa ndege. Suti za kijani saba, moja yangu, Mwanahawa na masanduku yake mawili, mimi na mpira. Bwana Chambuso akanivuta pembeni, akanishika mkono kwa upole unaotumika misibani.

"Mdogo wangu, kuna changamoto ndogo. Zile tiketi zako mbili tulizoziboresha kwa kubadili majina, na nne alizotoa mfadhili mmoja wa wizara, zimekuwa sita. Sisi tuko saba."

"Na mke wangu, mzee?"

"Mke si timu, tulishasema. Sasa tumepima usiku kucha nani abaki. Kiongozi hawezi kubaki, maana bila kiongozi hakuna msafara. Naibu akibaki, nani atanisaidia? Kocha ndiye mbinu. Daktari, mtu akiugua je? Mweka hazina ndiye mwenye hazina. Mpiga picha akibaki, nani atajua kwamba tulikwenda?"

Nikaanza kuona kibao kinapogeukia. "Lakini mzee, kazi ni yangu."

"Hilo halina ubishi! Wewe ndiye sababu ya safari. Na sababu, Dakta, haina haja ya kusafiri. Imeshafanya kazi yake." Akanipigapiga begani. "Tutakuwakilisha vizuri."

"Nipe basi pasi yangu."

"Pasi naondoka nayo. Nitakugongea muhuri kwa niaba yako."

Wakapita mlangoni mmoja mmoja. Sajini Mlekwa alikuwa wa mwisho. Alisimama, akanitazama kwa muda, akapiga saluti, akaenda.

Tulirudi nyumbani na masanduku. Njiani Mwanahawa hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alichosema ni kimoja tu, tulipofika na kuukuta mkeka umekunjwa ukutani tulivyouacha.

"Huo mpira, kampe mtu. Sitaki kuuona."

*

Siku chache baadaye simu ikalia.

"Dakta Kadege," akasema Profesa Halvorsen, "hapa mapokezi kuna wanaume sita wenye nguo za kijani. Mmoja ameniuliza kombe liko wapi. Wewe ni yupi kati yao?"

"Mimi simo, Profesa."

"Humo?"

"Nimebaki."

Nikasikia kwa mbali sauti ya Chambuso akimwambia mpiga picha asogee kushoto.

"Sielewi. Wameleta pasi yako."

"Ndiyo. Yenyewe ilipata nafasi."

Nikajaribu kumweleza itifaki. Kwao mtu akipewa kazi huja mwenyewe. Ni watu wa mambo mepesi. Aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini uliwaambia?" Nikamjibu nilikwenda kuaga.

Kule wale sita wakapiga picha na hadubini, mweka hazina akiwa ameiinamia upande wa taa. Wakapiga picha na ngazi. Wakala chakula cha mchana. Halafu Msafara wa Taifa wa Sayansi ukaanza kupungua. Mpiga picha alitoka kununua sigara, akasahau kuwa havuti. Naibu alikumbuka ana binamu mji wa pili. Daktari wa timu alipata kazi ya kuwaogesha wazee, na nasikia wanampenda. Mweka hazina alipotea na hazina. Sajini Mlekwa hakwenda mbali: alisimama kwenye geti la taasisi, akaanza kulinda bila kuajiriwa, mpaka wakaona aibu wakamwajiri. Profesa aliniambia ni mtu mzuri sana, ila asubuhi anawakimbiza.

Bwana Chambuso alionekana mara ya mwisho kituo cha garimoshi, amejifunika bendera. Baridi ilikuwa kali, na bendera yetu ni kubwa.

Begi lake aliliacha mapokezi, na humo ndimo ilimokuwa pasi yangu. Profesa aliifunga pamoja na tiketi mbili mpya akazituma kwa ndege ya vifurushi. Pasi ikanirudia imeshaona theluji kabla yangu. Akapiga simu.

"Nafasi ipo mpaka Jumatatu. Si Jumanne. Na tafadhali, Dakta, safari hii usimwambie mtu."

Nimesoma miaka mingi, nimepewa mawaidha na maprofesa wa kila aina. Hakuna aliyewahi kunipa la maana kama hilo. Nikalishika. Hata mama mwenye nyumba tulimwambia tunakwenda kuzika.

*

Jumamosi tukafika uwanja wa ndege, tukakuta zulia jekundu.

Nilitaka kugeuka. Mwanahawa akanisukuma na sanduku. Kumbe wizara ilikuwa imekuja kuupokea Msafara wa Ushindi. Bwana Chambuso alikuwa ametuma picha ya hadubini, na wizara wakaona ni kombe la aina mpya. Tangu hapo hakutuma kitu kingine, wakajua ni furaha. Mheshimiwa Tindwa amesimama mbele na shada la maua, nyuma yake bendi, pembeni kamera za televisheni. Ndege iliyotoka huko, ileile tutakayopanda sisi, ilikuwa imetua. Kila abiria akijitokeza mlangoni, tarumbeta zinaanza. Akionekana si wa kijani, tarumbeta zinakatika. Alitoka bibi mmoja na mjukuu, akapigiwa nusu ya wimbo wa taifa, akapunga mkono. Mwishowe wakatoka wahudumu wa ndege, wakafunga mlango.

Tulikuwa tumeshaupita umati, tunakaribia kabisa mlango wa kuondokea, ndipo mshereheshaji aliponiona.

"Na huyu hapa Daktaaa!"

Tarumbeta zikalipuka. Mheshimiwa akanijia na shada, akanivalisha kabla hajanitazama vizuri.

"Hongera sana! Wenzako wako wapi?"

"Huko, Mheshimiwa."

"Wanakuja na ndege ya pili?"

"Sidhani."

Akasogeza uso. "Na wewe umetoka mlango gani?"

"Sijatoka, Mheshimiwa. Sijaenda."

"Hujaenda vipi? Nimekukabidhi bendera kwa mkono wangu huu!"

"Mpira, Mheshimiwa."

Akapiga ishara bendi inyamaze. Kamera zikasogea. Akayatazama masanduku, akamtazama Mwanahawa, akanitazama mimi na maua yangu shingoni.

"Na sasa mnakwenda wapi?"

"Kazini."

"Kimyakimya?" Sauti yake ikapanda, kwa ajili ya watu wa nyuma. "Yaani taifa likulee, likusomeshe, likukodie turubai, likuvishe, likukimbize mlimani kwa pesa za umma, halafu unapita nyuma ya mgongo wangu na sanduku? Bila kuaga? Huo ni uungwana?"

"Mheshimiwa, mimi nili..."

"Usinijibu! Watu sita wamekwenda kwa ajili yako, hata hatujui wamelala wapi, na wewe unatoroka!"

Spika ikaita abiria wa ndege yetu. Mheshimiwa akaisikia pia. Akashusha pumzi, akageuka mpole ghafla, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

"Sikiliza, kijana wangu. Tusigombane mbele ya watu. Bahati nzuri kila kitu kipo. Bendi ipo. Zulia lipo. Mgeni rasmi nipo, na sijachelewa. Ngoja kidogo tukuage rasmi. Tunaunda msafara mdogo tu, wa heshima. Pasi yako unayo?"

Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akakohoa kwenye kipaza sauti. Tarumbeta moja ikajaribu sauti, laini, kama inayonibembeleza. Nami, msomaji, niliyelelewa vizuri, nikajikuta nimeweka sanduku chini, mkono unakwenda wenyewe mfukoni iliko pasi.

Spika ikaita mara ya pili. Ikataja na majina yetu.

Mheshimiwa akamgeukia Mwanahawa, akatabasamu kwa kamera. "Mama, mfundishe mumeo adabu. Muungwana haondoki bila kuaga."

Mwanahawa alikuwa hajawahi kusema neno hata moja na serikali. Alininyofoa shada shingoni, akampa Mheshimiwa alishike. Akaniokotea sanduku langu, akawa na yote mawili, akanisukuma nayo kuelekea mlango wa kuondokea.

"Mheshimiwa," akasema, "sisi tuliaga. Walioondoka bila kuaga ndio hao unaowapigia tarumbeta."